Maji ya Ndege ya Saba

Jumatatu, 4 Septemba

Chupa imegeuka njano.

Nimeitazama mara tatu. Nimeitoa kwenye kabati la joto, nikaipeleka dirishani, nikaifuta kwa kitambaa nisije nikawa naona vya kwangu. Njano! Sampuli ya bomba la jiko la nyuma, ndege ya saba. Ya jiko la mbele nayo imeanza kugeuka. Ya choo tu ndiyo iliyobaki nyeupe — maji ya kunawia, si ya kunywa. Nikafunga pazia, nikamulika ile ya nyuma kwa taa ya zambarau. Ikang'aa buluu. Hapo hakuna mjadala. Kinyesi kimeingia majini. Cha mtu au cha mnyama, chupa haisemi.

Miaka tisa napima maji ya ndege hapa uwanja wa ndege wa Makassar. Huko kung'aa nimekuona mara mbili tu.

Nikampelekea Bosi Zulkarnain. Hata karatasi hakuishika. Anauliza, Tenri, ulinawa mikono? Mimi! Nikamwambia nilivaa glavu, nikafuta bomba kwa spiriti, nikaacha maji yatiririke dakika mbili kabla ya kukinga. Akasema basi huenda chupa zilikuwa na kasoro, rudia.

Utaratibu hausemi rudia. Utaratibu unasema funga mabomba, bandika karatasi ya USINYWE, tia dawa kwenye tangi, suuza, ndipo upime tena. Anaujua. Yeye ndiye aliyenifundisha!

Saa tisa ndege ya saba imeondoka kwenda Ambon. Mabomba wazi.

Jumanne, 5 Septemba

Sikuweza kurudia kipimo. Ndege ilitua, ikashusha watu, ikapandisha, ikaondoka. Nusu saa. Ngazi iliondolewa nikiwa na kisanduku changu cha chupa mkononi kama muuza karanga.

Ukame huu. Kwetu bomba linatoka siku moja, siku ya pili kimya. Majirani wanapanga ndoo. Sasa najiuliza: mji mzima unalia maji, lori letu la kujazia ndege maji linachota wapi? Mzee wetu Daeng Ngalle ndiye dereva wake tangu mimi sijaajiriwa. Leo nimemchungulia kutoka dirisha la maabara. Lori lake liko ubavuni mwa lori la choo, hatua nne hazifiki. Mwiko kabisa! Tena ncha ya mpira wa maji iko chini kwenye lami, haina kifuniko, na yeye amekaa kivulini anakula ndizi za kuchoma, wala hana habari.

Nimemwonyesha Rannu. (Meza yetu moja, miaka sita. Yeye anapokea sampuli na kutunza mafaili, mimi nazikusanya na kuzisoma.) Akacheka. Anasema Dada Tenri, Daeng yule anasali sala tano, atakulisha mavi kweli?

Sala tano hazifuniki mpira.

Jumatano, 6 Septemba

Nimempeleka mama kliniki ya macho. Sikuomba ruhusa. Mwezi uliopita niliomba mbili, Bosi akaniambia ya tatu nije na barua ya kuacha kazi. Rannu akasema nenda dada, nitakufunika, akiniuliza Bosi nitasema uko uwanjani na chupa zako. Nikatoka saa sita, nikarudi saa kumi. Hakuna aliyeuliza.

Jicho la kulia la mama wanataka kulipasua Oktoba. Anadai haoni vizuri, lakini ndani ya pete-pete, daladala zetu, amemwona mwanamke viti vitatu mbele yetu amevaa sketi imegeuzwa.

Alhamisi, 7 Septemba

Bosi kaja maabara anatabasamu. Yeye hatabasamu asubuhi.

Ndege ya saba imeshughulikiwa, anasema. Imetiwa dawa jana, imesuuzwa, imepimwa, majibu safi. Faili limefungwa.

Nikauliza, imepimwa na nani? Akasema na ofisi yako. Nikasema majibu yanataka saa ishirini na nne kwenye kabati la joto, sasa hivi ni saa tatu asubuhi, jana hiyohiyo imewahije kuisha? Akatazama saa yake, akasema Tenri, una kichwa kizuri, usikichoshe. Akaondoka.

Kabati la joto limejaa chupa za ndege ya pili na ya nne. Ya saba hakuna hata moja.

Nikamuuliza Rannu. Hajui. Labda watu wa zamu nyingine, anasema. Alikuwa anapanga mafaili na hakuinua macho.

Mchana ndege ya saba imetua. Nikapanda ndani dakika kumi wakati wafagiaji wako ndani. Nikachovya karatasi ya klorini. Tangi lililotiwa dawa jana huacha rangi ya waridi, hata kama ni hafifu. Karatasi imebaki nyeupe. Nikachovya ya pili. Nyeupe! Mfagiaji mmoja akaniuliza, dada, unapima mimba ya ndege?

Nimecheka naye.

Nadhani najua. Bosi ametoa amri ya dawa, na Daeng Ngalle hakutia. Amekaa kivulini na ndizi zake, akasema nimemaliza.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimejiaibisha. Au sijajiaibisha, sijui bado.

Baada ya sala ya Ijumaa nikamfuata Daeng Ngalle kwenye maegesho ya malori. Nikamwambia wazi. Nikamwambia mpira wako uko chini, lori lako limeegeshwa na la choo, na Jumatano uliambiwa utie dawa hukutia. Alikuwa anavaa viatu. Akavaa kimoja, akakifunga kamba, akavaa cha pili, akafunga. Ndipo akaniangalia.

"Umemaliza, mwanangu?"

Nikasema nimemaliza.

"Marehemu baba yako tumecheza naye mpira. Alikuwa mropokaji vilevile, lakini yeye alikuwa anauliza kwanza." Akapiga tangi la lori lake kwa kiganja. "Mpira chini, kosa langu, umesema kweli. Kifuniko kimevunjika tangu Juni, nimeandika barua tatu, nenda kasome kama hawajafungia vitumbua. Kuegesha hapa ni amri, kule kwetu wameweka magari ya mizigo. Lakini dawa? Dawa gani? Dawa imeisha tangu Idi ya kuchinja!"

Nikamwambia haiwezekani, kila wiki kuna fomu ya kutia dawa, nimeziona.

"Na mimi nimeziona. Fomu tunazo tele. Tukizikoroga kwenye tangi zitaua kila kijidudu!"

Madereva wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Nikaenda stoo. Nilidhani ananidanganya. Mapipa matatu ya buluu, yana mihuri, yamepangwa vizuri. Mlinda stoo alikuwa kwenye simu. Nikaliinua la kwanza kwa mkono mmoja.

Kwa mkono mmoja! Pipa la lita ishirini na tano.

La pili hivyohivyo. La tatu sikuligusa, mlinda stoo alikuwa amekata simu na ananitazama.

Jumamosi, 9 Septemba

Ria amekuja kula kwetu mchana. Binti wa mama mdogo, mhudumu wa ndege, ana miguu imevimba kama mikate. Mama amempikia samaki wa mchuzi wa ukwaju, amekula sahani mbili, ndipo akaweza kuongea.

Nikamuuliza kama utani, Jumatano mlikuwa wapi? Akahesabu kwa vidole. Asubuhi Kendari, kurudi, halafu Luwuk, kurudi. Tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Ndege gani?

"Ile ya saba, dada. Ile ambayo kiti cha kumi na mbili hakilali."

Mlisimama uwanjani saa nne nzima hapo katikati? Mkapumzika?

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Saa nne! Hata kwenda chooni wanakwenda kwa zamu.

Kutia dawa kunataka saa nne tangi likiwa limejaa na ndege imesimama. Hakuna njia nyingine. Basi.

Halafu akanieleza jambo ambalo bado linanitembea mwilini. Njiani kwenda Luwuk mama mmoja kijana alitaka maji ya moto ya kukorogea maziwa ya mtoto. Ria akampa ya kwenye chupa yake mwenyewe ya chai aliyotoka nayo nyumbani. Wahudumu wote wana chupa zao. Chai ya ndege hawainywi, wala hawajui nani alianzisha, mgeni akija kazini anaambiwa siku ya kwanza: hii usinywe. Nikamuuliza na hao abiria wengine? Akajibu, dada, chupa yangu ni ya nusu lita.

Kule mbele alikuwepo mwenzake aliyechota bombani akampa mama mwingine. Maji ya moto, akasema. Yamechemka. Hayajachemka! Yanapashwa tu, yanaunguza ulimi basi.

Mama alikuwa anasikiliza. Akauliza, kwani hayo maji mnayachota wapi?

Jumapili, 10 Septemba

Rannu amepiga simu mara mbili. Ya kwanza kuuliza hali ya jicho la mama. Ya pili kuuliza kama bado nina hasira na Bosi, na akasema, dada, mambo ya stoo yaache, yatakuponza.

Sijamwambia Rannu habari za stoo.

Labda mlinda stoo kamwambia. Uwanja mdogo, midomo mingi. Labda. Nimejilaza nikitafuta labda nyingine, zimekuja nyingi, hata moja sijaipenda.

Jumatatu, 11 Septemba

Daeng Ngalle ameondolewa kwenye lori. Anasukuma mizigo, na umri ule! Lori la maji amepewa kijana mgeni ambaye hadi wiki jana alikuwa kwenye lori la choo. Glavu zilezile, nimeziona. Nilipita karibu na Daeng nikataka kumwomba radhi, akaniinulia mkono tu kama mtu anayefukuza nzi, akaenda na toroli lake. Lakini hakukunja uso.

Saa tano Rannu alitoka kwenda kula. Nikafungua kabati la mafaili. Ndege ya saba, Septemba.

Fomu ipo. Imepigwa mhuri. Jumatano tarehe sita, dawa imetiwa saa tatu asubuhi, imemwagwa saa saba. Sampuli imechukuliwa saa nane mchana. Aliyechukua: Tenriawaru.

Sahihi yangu.

Nilikaa chini sakafuni kabisa, faili mapajani.

Sahihi yangu naianza kwa herufi za kawaida, naimalizia kwa herufi moja ya Lontara, maandishi ya kwetu Wabugis, baba alinifundisha nikiwa darasa la pili. Ile ya mwisho wa jina langu. Nukta yake inakaa chini. Huyu ameiweka juu, ru ikawa ri. Amenigeuza jina! Mstari umepindwa vizuri, mkia umevutwa vizuri, mtu huyu amenitazama nikisaini mara nyingi sana. Lakini nukta iko juu.

Nani ataamini nukta?

Nikazirudisha nyuma kurasa. Agosti, fomu mbili ambazo sizikumbuki. Julai, moja. Nukta juu, nukta juu, nukta juu. Nikazipiga picha. Ya Julai imetoka ukungu.

Na saa nane mchana ya Jumatano nilikuwa wapi? Kwenye benchi la kliniki ya macho. Nikisema sikusaini kwa sababu sikuwepo, nimejifukuza kazi mwenyewe. Nikinyamaza, basi nilikuwepo, nilipima, nilisaini, na maji ni safi kwa mkono wangu. Mtoto akifa ni kwa mkono wangu!

Funguo za kabati wanazo watu watatu. Mimi. Bosi. Rannu.

Rannu amerudi na vitumbua, vyangu amevifunga kando. Bado vya moto. Sikuvila. Nimeviweka kwenye droo, nikaona haya, nikavila.

Jumanne, 12 Septemba

Ujumbe wa Ria kutoka Luwuk. Mtoto wa miezi minane aliyepanda Jumatano amelazwa hospitali huko, tumbo, ametundikiwa maji. Mama yake amepiga simu kwenye ofisi ya shirika kuuliza mtoto alikunywa nini. Ofisi imemjibu maji ya ndege yalipimwa siku hiyohiyo, cheti kipo.

Cheti changu.

Huenda ni kitu kingine. Huenda chuchu ya chupa ilianguka chini, huenda uji, huenda jua. Watoto huharisha. Nimejiambia hivyo wakati naosha chupa, nikaosha chupa moja hiyohiyo mara tano.

Saa saba nikatoka nje nyuma ya karakana, kwenye kelele za injini. Nikapiga simu idara ya afya ya bandari na viwanja vya ndege. Nikapewa mkaguzi, Bi Damaris, Mtoraja wa milimani kwa jina na kwa lafudhi. Ana sauti ndogo. Hakushangaa. Aliuliza tarehe, namba ya ndege, nani anatunza mafaili. Akauliza, dada, uko tayari kuulizwa mbele ya bosi wako? Nikasema niko tayari. Akasema usimwambie mtu yeyote.

Sijamwambia mtu yeyote. Niliporudi mezani Rannu aliniambia, dada, leo nywele zako zinanuka mafuta ya ndege, ulikuwa wapi?

Jumatano, 13 Septemba

Naandika kwenye korido, juu ya mapaja. Nikikaa bure mikono haitulii.

Wamekuja saa nne. Bi Damaris na vijana wawili wenye visanduku kama changu. Ni mfupi kuliko sauti yake. Wamepanda ndege ya saba, wamekinga sampuli zao wenyewe, wamechovya karatasi. Nilikuwa mlangoni, nimeiona. Nyeupe. Bosi akasema, dawa ya wiki nzima iliyopita, itabaki na rangi gani? Hapo ana haki. Majibu ya chupa ni kesho. Ndege inakwenda Ambon saa nane, leo.

Bi Damaris amenieleza pembeni, kwa ufupi. Fomu ya tarehe sita ikisimama, hana nguvu ya kufunga mabomba kabla ya majibu. Ikianguka, anayafunga saa hii hii, na tangi halijazwi. Yote sasa ni fomu, kwani orodha ya safari za siku ile ofisi inasema italeta kesho. Anatuhoji mmojammoja kwenye chumba cha mikutano. Bosi alikuwa wa kwanza, ametoka anafuta miwani. Halafu Daeng Ngalle, amekaa muda mrefu, nikasikia akisema "mapipa" kwa sauti kubwa mara mbili. Alipotoka alinigusa bega. Halafu Rannu.

Asubuhi nimeichukua kadi ya mama ya kliniki. Ina mhuri, tarehe sita, saa nane na robo, na jina la aliyemsindikiza. Nimeamua. Barua ya kuacha kazi nitaiandika mwenyewe wakiitaka. Na nitawaonyesha nukta. Nitaandika jina langu mara kumi mbele yao kama wanataka, ingawa nimejaribu hapa pembeni mwa ukurasa na yote kumi hayafanani, mkono huu!

Kupitia kioo naona abiria wa Ambon wameanza kupanga foleni. Bibi mmoja mwenye kilemba cheupe amekaa juu ya sanduku lake, anajipepea kwa tiketi. Kuna watoto. Nimeacha kuwahesabu.

Lori la maji linakuja. Kijana mgeni. Anashuka, anavuta mpira.

Rannu ametoka.

Amekuja moja kwa moja, amekaa karibu nami, ameushika mkono wangu wa kushoto. Mkono wake ni wa baridi, una jasho. Macho yamemwiva. Ananong'ona.

"Usihofu, dada. Nimekufunika."

Nikamuuliza amesema nini.

"Nimesema Jumatano ile ulikuwepo kazini mchana kutwa. Nimesema nilikuona kwa macho yangu ukienda na chupa zako. Sasa huwezi kufukuzwa."

Nimemtazama usoni. Miaka sita namtazama. Analia — lakini analilia nini? Ameniokoa kwa ujinga, au ameipa ile fomu miguu ya kusimamia? Anajua fomu inasema nini? Yeye ndiye anayeitunza! Nimemuuliza, Rannu, herufi ya mwisho ya jina langu, nukta inakaa wapi? Amefuta macho kwa bega. Anasema, nukta gani, dada, juu, si iko juu?

Sasa anaangalia daftari langu. Anauliza naandika nini.

Mpira umeunganishwa. Maji yanaingia, nauona unatikisika.

Mlango umefunguliwa, Bi Damaris anataja jina langu, anamwuliza Bosi linatamkwaje. Kadi iko kwenye mkoba. Mkoba uko upande wa Rannu, na mkono bado hajauachia —